Alama ya Mzinga

Umeme ulikatika Cheyo saa nane usiku,
ukarudi saa tisa kasorobo.
Hakuna aliyekufa. Kilichokufa ni daftari:
wafugaji nyuki sitini na mmoja wa Sikonge,
debe zao, tarehe, bei waliyoahidiwa.

Hatukuwa wazembe. Tulinunua memori isiyosahau,
vipande viwili kwa bei ya pikipiki,
vikakaa kwenye ubao wa seva bega kwa bega na visahaulifu,
sura moja, kimo kimoja, kama Kulwa na Doto
siku ya kwanza shuleni.
Mmoja ukimzimia taa anasahau hata jina lake.
Mwenzake anakaa gizani, ameshika kila alichoambiwa.

Programu ya ubao ndiyo inayoamka kwanza.
Inatembea mipaka, inahesabu viwanja,
kisha inaukabidhi mfumo karatasi:
hapa patupu, panga utakavyo;
hapa pangu mwenyewe, pita mbali;
hapa pana vitu vya watu.

Hilo la tatu ndilo lililotuponza.
Ubao wetu wa zamani uliliandika kumi na mbili,
namba ya mafundi waliokuwa bado hawajakubaliana.
Mbao za siku hizi huandika saba.
Na mfumo tuliouweka Jumatatu
haukuijua kumi na mbili.
Uliona uwanja mpana, kimya,
ukajikaribisha wenyewe,
ukatandika jamvi juu ya asali ya watu.

Nilisoma mistari ya kuwaka, mmoja mmoja,
mpaka treni ya Mpanda ikapiga honi.
Hapakuwa na kosa lililoandikwa. Popote.
Kila kitu, ulisema mfumo, kiko sawa.

Mimi nimekulia Ipole.
Ukikuta mzinga umetundikwa porini, hupandi.
Unazunguka mti, unatafuta alama iliyochongwa:
jicho, msalaba, mistari miwili na nukta.
Usipoitambua alama,
haina maana kwamba mzinga hauna mwenyewe.
Maana yake mgeni ni wewe.

Basi mfumo nao uishi hivyo.
Namba usiyoijua, isome: si yangu.
Saba ipokee. Kumi na mbili ipokee pia, kwa mashaka,
kama unavyompokea mtu aliyevaa sare ya jeshi lililovunjwa.
Usiichanganye na memori ya kufanyia kazi
eti kwa sababu nafasi imebana.
Iweke kando, mlango na kufuli,
umsubiri mwenyewe aseme fungua.
Akitaka itumike kama ile ya kawaida, haya,
lakini aseme yeye, tena kwa maandishi.

Na ubao nao tusiuamini kama mtume.
Iko memori inayoapa haitasahau
na betri yake ilikufa mwaka juzi.
Iulize: una chaji?
Mara ya mwisho giza lilipoingia, ulimaliza kuandika?
Ikinyamaza, andika kwenye diski. Usione haya.

Mihayo, mhasibu wa chama, aliniuliza
kama yote haya yametokana na namba moja.
Nikasema ndiyo.
Akacheka kicheko cha mtu anayedaiwa.

Sitini tumewarudisha kwa stakabadhi,
nyingine zimelowa, moja imetafunwa na mbuzi pembeni.
Wa sitini na moja, Shija Mlekwa, hana karatasi.
Anasema debe tisa.
Hakuna anayembishia; hakuna anayejua.
Asali yenyewe ilishapanda treni.

Leo nimewasha seva, mfumo umerekebishwa.
Mstari wa arobaini na mbili:
eneo la aina isiyojulikana, limeachwa.
Nimeusoma mara mbili, kisha nikachukua bisibisi
na kwenye bati la ubavuni, karibu na feni,
nikachonga alama ya mizinga yake Shija:
mistari miwili, nukta.